Thelathini kwa Moja

Msimamizi alizifungua karatasi moja moja, akazinyanyua juu ili kila mtu aone alama iko chini ya picha ya nani, kisha akataja. "Mheshimiwa. Mheshimiwa. Mheshimiwa." Alikuwa ameshazoea mdundo, na watu kwenye mabenchi walikuwa wameanza kuitikia kwa vichwa. Kwenye karatasi ya kumi na tisa akanyamaza. Akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha, akavaa miwani.

"Msoma mita," akasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani. Msimamizi hakucheka. Akaendelea mpaka karatasi zikaisha, akahesabu mafungu mawili mbele ya wote, akasoma matokeo: Mheshimiwa diwani, thelathini. Mpinzani wake, moja. Zilizoharibika, hakuna.

Ilikuwa kura ya mchujo, ya kuchagua nani akiwakilishe chama kwenye kugombea kiti cha udiwani. Mheshimiwa alikuwa ameshinda hapo, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshinda matawi yote tisa ya kata. Kwingine walipiga vigelegele. Katika ofisi ya Tawi la Saba, chumba kimoja chenye mabenchi sita na meza iliyolemaa mguu, watu thelathini na mmoja walikaa wakitazamana mikono.

Mezani karibu na mlango, mwanamke mmoja aliandika kwenye daftari la tawi: 30, na chini yake, 1. Mwandiko wake haukutetereka. Ile moja ilikuwa yake.

Mtaani wanamwita Mama Kopi. Ana miaka arobaini na sita na duka lenye upana wa mlango na nusu, ambamo kuna mashine ya kopi, kompyuta, printa mbili (moja ya vipuri) na mashine ya laminesheni inayonuka plastiki tangu asubuhi. Watu humletea vyeti, barua za maombi ya kazi, kadi za mwaliko, matangazo ya msiba. Husahihisha makosa yao bila kuwauliza. Inasemekana kwamba hakuna karatasi iliyowahi kutoka duka lile na kosa, na anayesema hivyo zaidi ni yeye mwenyewe.

Siasa iliingia maishani mwake kupitia mtaro. Miaka minane iliyopita maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye nyumba za nyuma ya duka, na yake ikiwamo. Aliandika barua, akakusanya saini, akaipeleka kwa diwani aliyekuwa bado mpya kwenye kiti. Diwani aliisoma amesimama. "Nani kaandika hii?" akauliza. Mtaro ulichimbwa ndani ya miezi miwili, na wiki iliyofuata Mama Kopi akaombwa asaidie "kazi ndogo ndogo za kuandika", za kujitolea, siku za Jumamosi.

Alijitolea kwa moyo mweupe. Mtaro ulikuwa mtaro wa kweli, wenye zege. Lakini mwaka wa pili mumewe akaitwa kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mheshimiwa, kama mtunza stoo, kazi ambayo hawakuiomba na wasingeweza kuikataa. Mwaka wa nne Mama Kopi akasema anataka kupumzika. Mke wa Mheshimiwa alikuja nyumbani na keki, akiamini kuna mtu kamuudhi. Wiki hiyo hiyo wakampa cheo: katibu wa tawi. Aliomba kushuka, wakampandisha. Kabatini ana fulana saba za kampeni, na ukizipanga kwa miaka utaona uso ule ule ukinenepa.

Kosa lenyewe, lile lililomfikisha mezani akiandika 30 na 1, alilifanya kwa haraka ya kutaka kufungua duka. Ilikuwa kikao cha wanaojitolea, wiki tatu kabla ya mchujo. Aliyekuwa akizungumza ni Mratibu wa kampeni, mwanamume mwenye simu mbili na mazoea ya kuzipanga mezani kama sahani. Alilalamika kwa saa nzima kwamba wanachama hawaaminiki, kwamba wanacheka na sisi mchana na kwenye sanduku wanacheka na wengine. Mteja alikuwa akimsubiri Mama Kopi dukani na karatasi arobaini za mtihani.

"Si kila mtu asaini tu," akasema, akiwa ameshasimama.

Jioni hiyo fomu ilikuwa tayari. Aliitunga yeye: Mimi niliyetia saini hapa chini naahidi kumpigia kura Mheshimiwa diwani. Namba, jina, namba ya kadi ya chama, saini. Wanachama wote thelathini na mmoja wa Tawi la Saba walisaini, yeye akiwa wa kwanza na mumewe wa pili. Akaikuza, akailaminesha. Mheshimiwa aliinyanyua kwenye mkutano wa matawi yote na kusema kwamba huko kwa Mama Kopi mpinzani atapata sifuri. Wengine wakaanza kuliita Tawi la Sifuri. Bila ile fomu, kura moja ingekuwa kura moja.

Mpinzani alikuwa msoma mita wa mamlaka ya maji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayetembea kata nzima na mkoba begani. Alipochukua fomu ya kugombea watu walicheka kwamba sasa atawasoma na wao. Mama Kopi alicheka nao. Lakini kila mwezi yule mwanamke alifika uani kwake, akapiga goti, akafunua kifuniko, akapangusa kioo kwa kidole gumba, akasoma tarakimu kwa sauti. Kisha, kabla ya kuandika, alisogea pembeni.

"Soma na wewe, mama. Isije ikawa nimeona vibaya."

Hakuna mtu mwingine mwenye kalamu katika maisha ya Mama Kopi aliyewahi kusogea pembeni. Hakumwambia mtu.

Siku chache kabla ya mchujo msoma mita alifika dukani bila mkoba. Alisema, "Najua wewe ni wa upande ule. Nimepita nyumba zote, nisingeweza kuiruka yako." Akamuaga, akaenda nyumba inayofuata. Hakukaa hata dakika mbili.

Kupiga kura kulikuwa pale pale ofisini. Kwenye kona walikuwa wamefunga kamba na kutundika shuka la kitanda lenye maua, na nyuma yake kulikuwa na kiti, ubao na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nafasi yake ni sawa na ya kabati la nguo. Mama Kopi, kama katibu, alitangulia.

Anachokumbuka ni utulivu. Nje ya shuka walikuwapo mumewe, Mratibu, mama wa saluni, na fundi viatu aliyekuwa akiwachekesha watu. Ndani hakukuwa na mtu. Anasema hakupanga. Anasema pia kwamba kwa miaka minane hakuwahi kufanya jambo lolote mchana ambalo halikuonwa na mtu wa chama. Aliweka alama, akakunja karatasi mara nne, akaitumbukiza, akarudi mezani na kujiwekea tiki kwenye daftari.

Aliihesabu kura yake kama tone kwenye kura elfu na mia ngapi za kata nzima. Mwanamke anayejua idadi ya karatasi zilizobaki kwenye boksi bila kulifungua hakukumbuka kwamba kila sanduku lingefunguliwa kwenye tawi lake, mbele ya watu wake, thelathini na mmoja kwa jumla.

Watu walipotoka, Mratibu alibaki. Akaziweka simu zake mezani, pembeni ya daftari.

"Mama Kopi, hili doa utalifuta wewe."

"Mimi?"

"Fomu ni yako. Watu unawajua mpaka saini zao. Nakupa siku tatu, unizungukie nyumba zote uniletee jina."

"Ameshashinda, Mratibu. Jina la nini?"

"Mheshimiwa hana kinyongo. Anataka kujua tu."

"Akishajua?"

Mratibu alichukua simu zake. "Akishajua, amejua."

Nyumbani mumewe alikula bila kunyanyua uso. Ni mtu mpole, mwenye kuandika idadi ya mabati kwenye kiganja akikosa karatasi. Siku hiyo alikuwa amechafukwa.

"Huyo mtu ana akili kweli? Leo kila anayeingia stoo ananitazama kama nimeficha misumari mfukoni."

"Unadhani ni nani?"

"Ningemjua ningemtaja kabla ya chai." Akasukuma sahani. "Mama watoto, mtafute upesi. Nasikia asipopatikana wataanza na sisi tunaokula mkononi mwa Mheshimiwa."

Mama Kopi alisema atamtafuta. Akaenda kuosha vyombo, na anasema hajawahi kuosha vyombo vichache kwa muda mrefu kiasi kile.

Kwa siku tatu alizunguka na daftari, nyumba kwa nyumba, akimtafuta mtu aliyekuwa ndani ya viatu vyake. Alijipangia maswali matatu na kumuuliza kila mtu yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu hajui kufanya kazi vibaya hata pale anapotaka. Wote walikana. Wawili walitaja majirani. Mmoja alimtaja mkewe, mkewe akiwa amesimama pale pale na beseni. Mama wa saluni aliapa akiwa na kitana mkononi: "Mimi? Mimi nilimpa Mheshimiwa mpaka penseli ikavunjika, waulize!" Mzee mmoja mgonjwa alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kila swali inavyotakiwa, na Mama Kopi alipofika mlangoni akamwita.

"Ukimpata, msalimie."

Aliandika kwenye daftari: Amekana. Salamu hakuziandika.

Aliyebaki ni Gundi, yule fundi viatu. Alikuwa na kadi ya chama kabla ya nusu ya wanachama kuzaliwa, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa na sanduku lake chini ya upenu wa ofisi ya tawi, mgongo ukiegemea ukuta. Ukuta ndio uliokuwa duka lake: kivuli, misumari ya kutundikia kandambili, na wapita njia wa pande mbili. Siku ya kura alitoka nyuma ya shuka akanyoosha mikono kama mshindi na kupaza sauti: "Nimempa mwenye viatu vizuri!" Watu walicheka. Viatu vya Mheshimiwa vinajulikana, vinang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu.

Siku ya tatu alasiri, Mratibu aliingia dukani kwa Mama Kopi kabla hajamaliza kuzunguka.

"Usihangaike tena. Nimempata. Ni Gundi."

"Gundi kafanya nini?"

"Viatu vizuri. Unakumbuka? Sasa nimeuliza: yule msoma mita viatu vyake vimetiwa soli mara mbili mwaka huu. Na nani? Na Gundi. Alikuwa anatutangazia usoni, sisi tunacheka."

"Mzee yule anatania. Anatania hata makaburini."

"Ndiyo maana. Mtu anayetania kila siku, siku akisema kweli utajuaje?" Akavuta kiti. "Fungua kompyuta. Andika."

Hapa ndipo ambapo mtu angetaka kusikia kwamba alikataa. Duka lilikuwa wazi, mchana mweupe, wateja wawili kwenye benchi. Hakuna aliyemshika mkono. Mratibu alisema na yeye akaandika: kwamba mwanachama aliyetajwa amekiuka ahadi aliyoisaini, kwamba tawi halina imani naye, kwamba anatakiwa kuondoa shughuli zake kwenye ukuta wa ofisi ifikapo Ijumaa. Sentensi ya pili ya Mratibu ilikuwa ndefu na haikuwa na kitenzi. Mama Kopi aliinyoosha. Chini aliweka herufi za mwanzo za jina lake, yeye mwandishi, kama anavyofanya kwenye kila barua, akatoa nakala tatu.

Asubuhi iliyofuata alifunga duka, jambo ambalo hafanyi siku za kazi, akaenda kwa Mheshimiwa.

Ofisi ya Mheshimiwa iko juu ya stoo, chumba cha vioo ambamo mwenye mali anaweza kuona mabati, mabomba na watu wake bila kusimama. Mama Kopi aliketi akiutazama upara wa mumewe, aliyekuwa chini, penseli nyuma ya sikio, akihesabu kitu. Mratibu alikuwa amekaa pembeni. Barua ilikuwa mezani.

"Mheshimiwa, barua hii imekosewa."

"Wewe? Umekosea barua?" Mheshimiwa alitabasamu. "Leo jua litatua saa sita."

"Gundi hakupiga kura ile. Nimeipiga mimi."

Mratibu alicheka kwa sauti, akapiga paja. "Nilikwambia, Mheshimiwa! Nilikwambia huyu mama ana huruma ya kuzidi. Atajitwika yeye kuliko mzee akae juani!"

"Sitanii. Ni mimi. Nilitangulia, nikampa msoma mita."

"Kwa nini?" Mratibu bado alikuwa akicheka. "Alikupunguzia maji?"

Mheshimiwa hakucheka. Alimtazama Mama Kopi kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima kama kabati litapita mlangoni. Kisha akaigeuza barua na kuweka kidole chini kabisa.

"Hizi herufi ni za nani?"

"Zangu."

"Fomu ya ahadi aliitunga nani?"

"Mimi."

"Siku tatu umezunguka nyumba za watu ukiuliza. Ulikuwa unamtafuta nani, mama?"

Mheshimiwa akaelekeza macho chini, kupitia kioo, kwa mtunza stoo aliyekuwa sasa akiandika kiganjani.

"Nikiliamini hilo unalosema, itabidi niamini na mengine. Itabidi nijiulize na huyu hapa chini anahesabu nini. Sitaki kujiuliza. Mumeo ni mtu mzuri." Akairudisha barua kwenye bahasha. "Gundi ni fundi viatu, atapata ukuta mwingine. Wewe una moyo mwema, na tutaukumbuka. Sasa nisaidie jambo moja. Barua hii kaipeleke mwenyewe. Mzee anakuheshimu."

Mratibu alimsindikiza hadi ngazini, akimwambia kwamba watu kama yeye hawapatikani siku hizi. Chini, mumewe alinyanyua uso akashangaa kumwona.

"Kuna nini?"

"Karatasi tu," akasema.

Ijumaa alimpelekea Gundi barua. Mzee aliisoma mwenyewe, akifuata mistari kwa ncha ya shazia, sindano yake ya kushonea viatu, mpaka herufi za chini. Hakupiga kelele. "Imenyooka," akasema. "Haina kosa hata moja." Akaanza kung'oa misumari ukutani, mmoja mmoja, akiinyoosha kwa nyundo kabla ya kuitia kwenye kopo. Mchana ukuta ulipakwa rangi za chama, kwa sababu kampeni za uchaguzi wenyewe zilikuwa zinaanza.

Mama Kopi alipewa fulana ya nane na kazi mpya. Mbele ya kikao Mratibu alitangaza kwamba kwa uaminifu aliouonyesha, yeye ndiye atakayekuwa wakala wa Mheshimiwa kituoni, mwenye kukaa karibu na sanduku siku nzima. Walimpigia makofi, na mumewe akapiga kuliko wote.

Gundi alihamia ng'ambo ya barabara kuu, mbele ya geti la ofisi ya maji. Hapana kivuli zaidi ya mwavuli alioufunga kwenye nguzo. Lakini saa moja asubuhi wasoma mita na mafundi bomba hutoka pale kwa makundi, watu wanaotembea kutwa, na viatu vyao huisha upesi. Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Watu wa mitaa mingine, ambao hawakuwahi kujua jina lake, walianza kumwita Kura Moja.

Wiki mbili baadaye Mama Kopi alimwendea na kiatu kilichokatika mkanda. Alikuwa njiani kwenda kugawa vipeperushi, fulana mwilini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, katibu."

Zamani alikuwa akimwita mwanangu. Akampa kipande cha kadibodi akanyage, akakipokea kiatu na kukigeuza.

"Mzee, ile kura si yako."

"Najua. Mimi ndiye niliyepiga yangu, ningekosaje kujua?"

"Ni yangu."

Gundi alitia uzi kwenye nta, akauvuta mara mbili. "Nimelifikiria hilo tangu uliponiletea barua. Hukunitazama. Uliitazama bahasha kama vile ndiyo inayofukuzwa."

"Nilikwenda kwa Mheshimiwa nikamwambia. Akakataa kunisikia."

"Akakataa, ukarudi nyumbani."

"Nikarudi nyumbani."

"Ukavaa fulana."

Gari la matangazo lilipita likiimba jina la Mheshimiwa, wakalisubiri lipite, kwa sababu hakuna anayeweza kuongea juu ya sauti ile.

"Nitasema hadharani," alisema Mama Kopi. "Jumamosi kwenye mkutano wananipa kipaza sauti nisome ratiba. Nitasema. Baba watoto atapata kazi nyingine, au hatapata. Wewe utarudi kwenye ukuta."

"Usiseme."

"Mzee?"

"Nimesema usiseme." Gundi aliweka kiatu chini. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, uso wake haukuwa na utani ndani. "Sikiliza. Yule binti mimi nampenda. Viatu vyake navijua ndani na nje, kisigino cha kulia kimeliwa upande mmoja, ni mtu anayebeba mzigo peke yake. Nilikaa nyuma ya shuka lenu penseli ikiwa mkononi, nikataka kumpa. Nikaufikiria ukuta. Nikampa Mheshimiwa, kwa ajili ya ukuta. Umeelewa? Nje nikaja kupiga kelele za viatu ili nisijione. Na ukuta wenyewe wakauchukua."

"Ndiyo maana nataka urudishiwe."

"Nikarudi nikakae pale, wote wakijua nini? Kwamba mzee wa watu alikuwa mwoga kama wenzake, akafukuzwa bure? Hapa watu wananipa mkono, mwanangu. Mkono huu wenye gundi. Wanatoka huko mbali kuja kunipa mkono. Sasa na hiyo unataka kunipokonya."

"Lakini ni yangu," alisema Mama Kopi, na sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtoto anayedai kalamu. "Katika mambo yote haya, hiyo tu ndiyo yangu."

"Ilikuwa yako. Ulipewa siku tatu za kuidai. Ukazitumia kuitafuta kwa watu."

Akakiokota kiatu, akaendelea kushona. Mama Kopi alibaki amesimama, mguu mmoja juu ya kadibodi.

Msoma mita alitoka getini wakati ule, mkoba begani, na alipomwona Gundi akabadili njia. Alikuwa ameshindwa na kurudi kazini, na watu wanasema alifanya yote mawili bila maneno. Alimpa mzee mkono, akaufunika kwa mkono wa pili.

"Mzee wangu, sikuwahi kukushukuru vizuri. Siku ile waliponisomea matokeo ya matawi, kulikuwa na sehemu nilijiona kama mwendawazimu. Nikasikia Tawi la Saba, moja. Nikasema, basi kuna mtu mmoja mwenye macho kama yangu."

Gundi alikuwa na mkono wake mikononi mwa yule mwanamke. Hakumtazama Mama Kopi.

"Ah, mwanangu," akasema. "Ilikuwa penseli tu."

Msoma mita alicheka. Kisha akageuka, akaona fulana, na uso wake ukajipanga vile uso unavyojipanga mbele ya mtu wa upande wa pili.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri."

"Haya. Kampeni njema."

Akaenda zake, akiinamia kulia chini ya mkoba. Mama Kopi alimtazama mpaka kona. Gundi alikata uzi kwa meno, akavuta mkanda kuupima, akampa kiatu chake, na mteja mwingine akaketi.

Alikivaa. Alikuwa na nyumba ishirini na mbili kabla ya saa sita, na Mratibu alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Akavuka barabara kuu na bahasha ya vipeperushi kifuani. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango wazi na mwanamke anayefagia uani. Mama Kopi akapiga hodi, akatabasamu.

"Karibu," alisema yule mwanamke. "Mmekuja na nini leo?"

"Nimekuja kumwombea kura Mheshimiwa," akasema, akamkabidhi karatasi, na kusogea pembeni ili aweze kuisoma kwenye mwanga.